Mtoto Achezaye na Maji

Mwezi huu twataka kunena habari ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo mno, lisilofaa kuandikwa katika gazeti la Kanisa. Nasi hapo kwanza tuliliona hivyo. Lakini jambo hili lilitukuta katika kazi yetu ya uchungaji, likatusumbua, na tulipolitazama vema tukaona kwamba chini yake pana maswali mawili yasiyo madogo: mtoto afundishwa na nani? Na mafundisho hayo yalipwa na nani?

Mambo yalikuwa hivi. Katika mtaa mmoja wa usharika wetu, huku mlimani Kilimanjaro, wako wanawake wawili wakaao nyumba moja, bibi na mkwe wake. Siku moja ya kiangazi bibi alirudi na ndoo ya maji kichwani, akaiweka penye kizingiti, akaingia ndani kupumzika. Mjukuu wake, mtoto wa miaka minne, akatwaa kikombe akaanza kuteka, akimimina maji katika kopo, na kutoka kopo katika kifuu cha nazi, na kutoka kifuu tena katika kikombe, hata nusu ya ndoo ikawa tope uani. Bibi alipotoka akamchapa. Mama yake mtoto akasema, "Mama, alikuwa akicheza tu. Hata katika shule ya chekechea walimu huwapa watoto maji wacheze." Bibi akajibu, "Basi shule hiyo na ije ituchotee." Tangu siku ile hawakusemezana vema, na Jumapili ya Chakula cha Bwana wote wawili walibaki wameketi, wasiende mezani. Ndipo wazee wa kanisa walipotujia wakasema, "Mchungaji, tupe neno. Mtoto achezaye na maji afanya vema, au afanya vibaya?"

Hatukujibu upesi, kwa sababu dhamiri yetu ilitukumbusha jambo. Miaka mingi iliyopita mzaliwa wetu wa kwanza, alipokuwa na umri kama ule, aliketi karibu na pipa la maji ya mvua, akichota na kumwaga juu ya ubao ulioinama. Akatuuliza, "Baba, kwa nini maji hayataki kupanda?" Nasi tulikuwa na mahubiri ya kuandika, tena tuliona maji yapotea. Hatukumjibu. Tulimpiga mkononi, kopo likaanguka. Hakulia sana. Walakini hakuuliza tena, si siku ile tu, bali siku nyingi baadaye. Mahubiri yale tumekwisha kuyasahau, lakini swali lile hatujalisahau hata leo.

Basi na tulitafakari jambo hili kwa utaratibu, kama watu waliopewa watoto kuwa amana.

Kwanza tuulize: je, mchezo wenyewe ni dhambi, au ni uvivu? Wako Wakristo waliofikiri hivyo, nao walikuwa watu wema, wenye bidii. Waliona kwamba mwanadamu ameitwa afanye kazi, na kwamba mtoto azoeaye mchezo hataipenda kazi. Lakini Maandiko hayasemi hivyo. Nabii Zekaria, katika sura ya 8, anapoueleza mji wa Yerusalemu utakapokuwa umerudishiwa amani, ataja wazee wenye mikongojo wakiketi njiani, na pamoja nao wavulana na wasichana wakicheza. Kwake yeye mchezo wa watoto ni alama kwamba Bwana amerudi mjini. Mahali ambapo watoto hawachezi, ama pana vita, ama pana njaa, ama pana hofu.

Tena sisi Walutheri tuna ushuhuda mwingine. Mwaka 1530, siku zile ambapo wakuu wa Kijerumani walikuwa wakikusanyika Augsburg mbele ya Kaisari, Martin Luther alikaa katika ngome ya Coburg, kwa kuwa alikuwa chini ya hukumu na hakuweza kwenda. Maungamo ya Augsburg yalisomwa tarehe 25 Juni mwaka huo. Na tarehe 19 Juni, siku 6 kabla yake, Luther aliketi akamwandikia barua mwanawe Hans, mtoto wa miaka minne. Katika barua hiyo alimsimulia habari za bustani nzuri, ambamo watoto waombao na kujifunza vema huokota matofaa na kupanda farasi wadogo na kucheza kwa furaha. Mtu yule aliyekuwa na mzigo wa Kanisa zima mabegani hakuona aibu kunena habari za mchezo na mtoto mdogo. Nasi twaona haya kujibu swali moja penye pipa la maji!

Na Friedrich Froebel, mwana wa mchungaji wa Kilutheri, aliyezaliwa mwaka 1782 katika nchi ya Thüringen, alifundisha kwamba mchezo ndiyo daraja ya juu ya kukua kwa mtoto mdogo. Mwaka 1837 alianzisha nyumba ya mafundisho huko Blankenburg, na mwaka 1840 akaipa jina lenye maana ya bustani ya watoto. Ndiyo asili ya shule zetu za chekechea. Lakini mwaka 1851 serikali ya Prussia ilizipiga marufuku, kwa kumchanganya na mwana wa ndugu yake na kudhani kwamba zaharibu dini. Froebel alifariki mwaka 1852, na marufuku ile haikuondolewa mpaka mwaka 1860. Twaona basi kwamba si bibi mmoja tu wa mlimani aliyeushuku mchezo. Hata serikali kubwa imepata kuuogopa.

Sasa tuulize: katika michezo yote, maji yafundisha nini?

Twajibu kwamba jambo la kwanza ni hili: maji hayadanganyi, wala hayapendelei mtu. Mtoto aweza kumlilia mama yake hata apewe atakacho. Aweza kumbembeleza babu yake. Lakini hawezi kuyalilia maji yapande kilima. Akiwa mwana wa tajiri au akiwa yatima, maji humjibu jibu lile lile. Akitia jiwe dogo lazama. Akitia gogo kubwa laelea. Hapo ajifunza kwamba kinachozama si kile kilicho kikubwa, wala kinachoelea si kile kilicho kidogo, na kwamba lazima kujaribu kabla ya kusema. Akisukuma kibuyu kitupu chini ya maji, asikia mkononi mwake nguvu ikikirudisha juu. Nguvu hiyo ndiyo aliyoieleza Arkimedi wa Sirakusa, aliyeuawa mwaka 212 kabla ya Kristo: kwamba kitu kilichomo majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yale kilichoyaondoa mahali pake. Mtoto hajui jina la Arkimedi, wala hana haja nalo bado. Lakini siku atakapolisikia darasani, mkono wake utakuwa umekwisha kujua.

Tena akipindua kikombe akakizamisha wima, aona kwamba maji hayakijazi. Akikiinamisha, mapovu yatoka, ndipo maji yaingiapo. Hivyo ajifunza kwamba kikombe alichokiita kitupu kilikuwa na kitu ndani yake, nacho ni hewa, na kwamba kisichoonekana kwa macho chaweza kushika mahali pake hata maji yasipate kuingia. Mwinjilisti asiharakishe kuligeuza jambo hili kuwa hubiri. Na amwache mtoto aone kwanza. Lakini twafurahi tukiona kwamba mtoto amekwisha kujua, kabla hatujamfundisha neno lolote, ya kuwa visivyoonekana vipo.

Jambo la pili ni kipimo. Alikuwako mtu wa Uswisi, jina lake Jean Piaget, aliyezaliwa mwaka 1896 na kufariki mwaka 1980, ambaye alitumia maisha yake kutazama jinsi watoto wanavyofikiri. Aliweka mbele ya mtoto bilauri mbili zilizo sawa, zenye maji sawasawa, na mtoto akakubali kwamba ni sawa. Kisha maji ya bilauri moja yakamiminwa, mbele ya macho yake, katika bilauri nyingine iliyo nyembamba na ndefu. Mtoto wa miaka minne au mitano, akiulizwa, husema kwamba sasa katika ile ndefu maji ni mengi zaidi, kwa kuwa yamepanda juu. Mtoto wa miaka saba hivi hucheka swali lenyewe: ni yale yale, hayakuongezwa wala hayakupunguzwa. Piaget aliyaandika mambo hayo katika kitabu cha mwaka 1941 alichokitunga pamoja na Alina Szeminska.

Ni nani aliyemfundisha mtoto kati ya mwaka wa nne na wa saba? Si maneno matupu. Mwambie mtoto wa miaka minne mara kumi kwamba maji ni yale yale, naye atakuitikia kwa adabu, lakini macho yake bado yatamwambia kwamba kirefu ndicho kingi. Akili yake hukua, na katika kukua huko yahitaji kazi ya mikono: kumimina na kurudisha, kumimina na kurudisha, kikombe, kopo, kifuu. Ndiyo kazi ile ile aliyokuwa akiifanya mjukuu wa yule bibi uani.

Wala jambo hili si la elimu ya hesabu tu. Ndugu, nendeni sokoni mkatazame kopo la mchuuzi ambalo kitako chake kimebonyezwa ndani ili lionekane refu na kumbe lachukua machache. Kitabu cha Mithali, katika sura ya 11, chasema jinsi Bwana anavyochukizwa na vipimo vya hila. Mtu aliyejifunza tangu utoto kwamba urefu si wingi hataibiwa upesi, na tena hataweza kuiba kwa kusema, "Sikujua." Nasi watu wazima, je, hatuchukuliwi na bilauri ndefu? Mwenye sauti kuu twamdhania ana imani kubwa. Mwenye nyumba ya ghorofa twamdhania amebarikiwa kuliko jirani yake. Tumepita miaka saba zamani sana, lakini katika mambo ya moyo wengi wetu tungali na miaka minne.

Jambo la tatu twajifunza mferejini. Wasomaji wa mlimani wajua, lakini tuwaeleze walio mbali. Tangu kale, kabla wamisionari hawajafika, wazee wa Kichaga walichimba mifereji, iitwayo mifongo, itoayo maji mitoni huko juu na kuyapitisha kwa mteremko mdogo sana kwenye miinuko hata mashambani penye migomba. Siku hizi bomba limefika katika nyumba nyingi, na mifereji mingine imekauka. Lakini mingi ingali ikitoa maji. Mifereji hiyo ilikuwa na sheria. Kila nyumba ilikuwa na zamu yake ya maji. Siku ya kusafisha mfereji kila mwenye zamu alipaswa kuja na jembe lake, na asiyekuja alitozwa faini au alinyimwa maji.

Sasa watazameni watoto mvua inapokwisha kunyesha. Wachimba mifongo yao midogo kwa vijiti. Waweka magome ya mgomba kuwa madaraja ya maji. Wajenga banio kwa udongo, nalo labomoka, nao walijenga tena kwa kutia mawe. Na mmoja aliye juu akiziba, yule aliye chini hulia, "Umenikatia maji!" Ndipo huanza baraza lao: nani alianza, nani afungue, kila mmoja apewe muda gani. Hakuna mzee aliyewafundisha, wala hawana kitabu cha sheria. Lakini hapo mtoto ajifunza jambo ambalo wakuu wa dunia wangali hawajalijua vema: kwamba maji niliyo nayo yamepita kwanza kwa mtu mwingine, na kwamba baada yangu yuko mwingine ayangojeaye. Twadhani hakuna darasa bora la amri ya kumpenda jirani kuliko tope lile.

Basi mpaka hapa tumemtetea mtoto. Lakini haki yataka tusikie na upande wa pili, maana hoja zake si nyepesi.

Hoja ya kwanza ni mauti. Maji yaliyo mwalimu ni muuaji pia. Shirika la Afya Duniani limehesabu kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5. Mtoto mdogo ana kichwa kizito kuliko miguu yake; akiinama katika ndoo akaanguka, hawezi kujiinua, na maji ya kina cha vidole vichache yatosha kumwua. Tena hapigi kelele. Wengi wetu tumepata kusimama penye kaburi dogo la namna hiyo, na hapo hapana neno la kusema ila kulia pamoja na waliao. Kwa hiyo twasema wazi: mtoto mdogo asiachwe peke yake penye maji hata kwa muda wa kwenda kuchochea moto. Asikabidhiwe kaka wa miaka mitano amlinde. Visima na mapipa yafunikwe, na ndoo isiyo na kazi imwagwe au iinuliwe juu. Mchezo bila mlinzi si mchezo; ni hatari.

Na tena yako magonjwa. Katika maji yaliyosimama au yaendayo polepole, penye konokono, hupatikana kichocho, nacho huingia kwa ngozi ya mtu akanyagaye majini. Mtoto akojoaye humo huwaambukiza wengine kwa njia ya konokono hao. Basi watoto wasipelekwe kuchezea madimbwi na mabwawa ya namna hiyo, nao wafundishwe mapema kutokojoa majini. Hilo nalo ni fundisho la jirani.

Hoja ya pili ndiyo iliyotushinda sisi wenyewe, nayo tuliipata kwa yule bibi. Tulimwendea jioni moja tukiwa tumejaa maneno. Tulianza kumweleza faida zote za mchezo kama tulivyoandika hapo juu. Alitusikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mchungaji, sikatai. Mimi nami nilicheza mferejini nilipokuwa mdogo, tukielekeza mashua zetu za magome ya mgomba. Lakini siku zile mfereji ulipita mlangoni. Sasa umekauka, nasi twashuka mpaka mtoni na kupanda. Niambie, Mchungaji, maji hayo ya mchezo nani atayachukua? Magoti yangu hayachezi."

Hatukuwa na jibu. Tulinyamaza, tukanywa chai yake, nayo chai ile pia ilitoka katika ndoo yake.

Njiani tulipokuwa tukirudi tulifanya hesabu. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, mbali na ndoo yenyewe, juu ya kichwa cha mwanamke aliyepita miaka sitini, akipanda kilima. Nusu ya ndoo iliyomwagika uani ilikuwa kilo 10 alizozibeba yeye. Tukakumbuka habari za mfalme Daudi, katika kitabu cha pili cha Samweli sura ya 23. Alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu, na mashujaa wake watatu wakapenya jeshi la Wafilisti wakamletea. Naye alikataa kuyanywa, kwa kuwa aliona katika chombo kile uhai wa watu walioyaleta. Akayamimina mbele za Bwana. Daudi aliona yaliyomo ndani ya maji. Sisi tulikuwa tumeona maji tu.

Basi hapa ndipo tulipopata jibu tulilokuwa tukilitafuta, na halikuwa lile tulilolitazamia. Wazee walituuliza kama mtoto afanya vema au vibaya. Lakini mtoto wa miaka minne hajui maji yametoka wapi. Kwake yeye yamo ndooni kama vile mwanga ulivyo angani. Hukumu haimwelekei yeye. Yatuelekea sisi. Mafundisho ya maji ni mema, tena ni ya kweli, lakini hayapatikani bure. Kuna mtu ayalipaye kwa shingo yake na magoti yake, na katika nchi yetu mtu huyo mara nyingi ni mwanamke. Mwanamume asifuye mchezo wa mtoto na asichukue hata ndoo moja, asifu kwa mali ya mwingine. Na sisi wachungaji na wainjilisti, tuhubirio juu ya maji ya uzima, mara ngapi tumenawa mikono katika nyumba za watu bila kuuliza ni nani aliyeyapandisha?

Tena twaona kwamba mtoto aliyeyajua maji kwa kuchezea tu hajayajua yote. Amejua kwamba yaelea na yazamisha, kwamba yashuka na hayapandi. Lakini hajajua kwamba ni mazito. Uzito huo haufundishwi na bilauri wala na tope la mvua. Wafundishwa njiani, kutoka mtoni mpaka nyumbani.

Kwa hiyo twawashauri wazazi hivi. Mpeni mtoto maji ya kuchezea, lakini yawe maji yaliyokwisha kufanya kazi moja, kama yale yaliyosuuzia mboga, yasiyo na sabuni wala uchafu; na achezee penye miche au penye mgomba, ili yatakapomwagika yafanye kazi ya pili. Penye bomba, msimwache afungue apendavyo, bali mpimieni beseni moja, nalo likiisha limekwisha. Hapo atajifunza kiasi, na hatahitaji fimbo. Na akifika umri wa kutembea njia ile, apewe kopo lake dogo, afuatane na mkubwa mpaka mtoni, achukue ya kwake. Na akiuliza swali, ajibiwe, na ikiwa hamjui jibu, mwambieni, "Twende tukatazame." Neno hilo halina aibu kwa mzazi.

Nanyi wainjilisti na walimu wa Kipaimara, twawaomba jambo moja. Mnapofika sehemu ya Ubatizo katika Katekisimo Ndogo, aliyoitoa Luther mwaka 1529, msianze na kukariri tu. Wekeni bakuli la maji mezani, mwaulize watoto wameyaona maji yakifanya nini. Watawaambia yasafisha. Watawaambia yaotesha mahindi. Na mmoja, pengine kwa sauti ya chini, atawaambia yaliua. Yote matatu ni kweli, nayo yote matatu yamo katika mafundisho ya Luther: kwamba katika Ubatizo twaoshwa, na utu wa kale wazamishwa ufe, na mtu mpya afufuka, wala si kwa nguvu ya maji yenyewe, bali kwa Neno la Mungu lililo pamoja na maji. Mtoto ambaye mikono yake yayajua maji atalielewa fundisho hilo kwa upesi kuliko yule aliyekatazwa kuyagusa.

Inabaki tuwaambie mwisho wa habari ya nyumba ile. Tulimwita baba yake mtoto, ambaye katika ugomvi wote alikuwa hakutajwa na mtu, wala mwenyewe hakujitaja. Hatukumgombeza. Tulimwambia maneno ya mama yake juu ya magoti. Akatazama chini. Siku ya Jumamosi alikwenda mtoni kabla ya jua kuchomoza na dumu mbili, na mwanawe nyuma yake na kopo la lita 1. Mtoto alifika nyumbani na nusu ya kopo, maana nusu nyingine ilimwagika njiani. Bibi akamwambia, "Hayo ni yako, mjukuu wangu, cheza nayo." Mtoto akaketi, akaweka kopo lile kati ya miguu yake, akalitazama muda mrefu. Kisha akamimina kidogo tu katika kifuu, na yaliyosalia akampelekea bibi yake.

Wanawake wale wawili walikuja pamoja kwenye Chakula cha Bwana mwezi uliofuata. Nasi wenyewe tumeanza kuchukua ndoo nyumbani kwetu. Wengine hucheka wakimwona mchungaji na ndoo, na wacheke. Kwa yule mzaliwa wetu wa kwanza, ambaye sasa ni kijana mkubwa, tumekwisha kuomba radhi. Alisema halikumbuki swali lile. Tulimjibu hata hivyo, tukiwa tumesimama wote wawili penye mteremko: maji hayapandi kwa kuwa dunia huyavuta kwake, kama ivutavyo kila kitu. Akatusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Baba, hilo nililijua zamani." Huenda maji yenyewe yalimfundisha, tulipokataa sisi. Bwana asifiwe kwa waalimu aliowaweka mahali tusipokuwapo.